Kiti cha Injinia Mkuu wa Adabuni

Njia ya kufika Adabuni siielezi. Kila nikiieleza watu huniuliza kama siku hizo nilikuwa na homa, kisha hawasikilizi yaliyobaki, na yaliyobaki ndiyo yenye maana. Itoshe kusema kwamba nilifika mzima, na akili zangu zote, na njaa kidogo, nikapokewa na Katibu wa Baraza la Ajira la nchi ile, Bwana Ludoviko, mtu mrefu, mweupe, mwenye tabasamu lisiloshuka hata anapopiga chafya.

Mimi ni afisa utumishi mstaafu. Kazi yangu Tanga ilikuwa kusaili watu wanaoomba kazi, kuwasikiliza wanavyojisifu na kukisia nani anasema kweli. Subira sikujaliwa, na waliofanya kazi nami watakwambia hivyo bila kuulizwa. Baraza lilikuwa limepata habari zangu, sijui kwa nani, likaniita nije nione jinsi Adabuni ilivyolimaliza tatizo ambalo nchi nyingine bado linazitoa jasho.

Adabuni ina watu weupe wengi na watu weusi wachache. Hao weusi si wageni. Babu zao ndio waliochimba mifereji inayoleta maji mjini, na wajukuu wamesoma wakabobea: wako mainjinia, madaktari, wanasheria, wahasibu. Lakini kwa miaka mingi ukiingia ofisi kubwa yoyote ulikuwa humkuti hata mmoja wao, ila anayefagia.

"Jambo hili lilitutia aibu sana," aliniambia Bwana Ludoviko, mkono kifuani. "Tulilia, Bi Zamda. Baraza zima lililia, kisha tukaahirisha kikao kwa ajili ya kulia. Tuliporudi ndipo tukatunga Sheria ya Kuonekana."

"Inasemaje?"

"Inasema katika kila ofisi aonekane mtaalamu mmoja mweusi."

Nikampongeza kwa moyo mweupe kabisa. Nilikuwa bado sijatembezwa.

Ziara ilianzia Benki Kuu. Mlangoni alisimama mwanamume mweusi wa makamo, suti ya kijivu, tai nyekundu, akatupa mkono. "Karibuni sana. Mimi ni Shomvi, mwanasheria." Nilifurahi kumwona, nikamwuliza anashughulikia mambo gani pale. Akatazama saa yake, akasema tutazungumza.

Kutoka hapo tulikwenda Hospitali Kuu, ambako tulizuiwa getini kidogo tukinyweshwa juisi. Tuliporuhusiwa kuingia, mlangoni alisimama mwanamume mweusi wa makamo, koti jeupe, jasho likimtiririka. "Karibuni sana," alisema. "Mimi ni Shomvi." Nilidhani ni ndugu yake. Tulipofika Mahakamani, baada ya juisi nyingine, nilimkuta amevaa joho, anahema, na chini ya joho vimechungulia viatu vya mpira vya kukimbilia.

"Bwana Shomvi," nikamwambia, "tumeonana tena."

Akainama kana kwamba ananiokotea kitu. "Dada yangu, usinichongee," alininong'oneza. "Bado Bandarini na Chuo Kikuu, na lifti ya Chuo mbovu."

Nilimgeukia Bwana Ludoviko nikitaraji aone haya. Hakuona. Alinifafanulia kwa upole kwamba sheria inataka mtaalamu mweusi aonekane, haisemi asiwe yuleyule. Mgeni anapokaribia ofisi hupigwa kengele, na Bwana Shomvi, popote alipo, hutoka mlango wa nyuma. Alikuwa mtu wa kutegemewa mno. Tangu aajiriwe hajachelewa hata siku moja.

"Na kesi zake anazisomea wapi?"

"Kesi gani?"

"Si mwanasheria?"

"Aa, mzuri sana. Alikuwa wa kwanza darasani."

"Basi ofisi yake iko wapi? Kiti chake?"

"Kiti cha nini, Bi Zamda, na yeye hakai?"

Mchana ule nilikaribishwa kwenye kikao cha Baraza, ajenda ikiwa ni kuongeza idadi ya wataalamu weusi. Sijawahi kuona watu wenye nia njema kiasi kile. Bibi Klotilda, mjumbe wa siku nyingi, alipendekeza picha ya Bwana Shomvi iliyoko lango la mji ikuzwe. Mwenzake akasema ukubwa si wingi; afadhali apigwe picha upande wa kushoto, kisha wa kulia, ziwekwe mbili. Hapo ukazuka ubishi mkali wa kistaarabu juu ya miwani: je, Bwana Shomvi akivaa miwani, ni mtu mwingine? Wasomi walinukuu vifungu. Mwisho ilipigwa kura, ikaamuliwa kwamba mwenye miwani ni mtu mmoja na nusu, na wajumbe wakapigiana makofi kwa mafanikio ya mwaka.

Nikanyoosha mkono. Nikauliza, kwani wataalamu weusi wengine wana nini? Mbona hamwaajiri tu?

Ukumbi ulinyamaza, ule unyamavu wa watu mgeni anapomwaga chai kwenye zulia. "Tunawataka mno," alisema Bwana Ludoviko taratibu. "Viti ndivyo vinavyowakataa."

Nami ndipo nikaelezwa habari ya viti. Waasisi wa Adabuni walichonga kwa kila cheo kiti kimoja cha mti mgumu, kila mmoja kwa kipimo cha mwili wake mwenyewe: makalio yake, mgongo wake, viwiko vyake. Walipokufa waliacha neno kwamba atakayefaa kushika nafasi ni yule ambaye kiti chake kitamkubali. Kwa hiyo Adabuni mwombaji kazi haulizwi kitu. Anakaa. Ofisa aitwaye Msikilizaji wa Viti hutega sikio kwenye mguu wa kiti. Kikilia, mtu hafai. Kikinyamaza, ameipata kazi. Familia za vigogo zina viti vya mfano majumbani, na watoto wao hukalishwa humo tangu wakinyonya, wakakua wamepinda kama vinavyotaka. Watu weusi hawakuwahi kuwa na viti hivyo kwao.

"Na hamjafikiria kwamba kosa ni la kiti?" niliuliza.

Bibi Klotilda alinitazama kwa huruma ya kweli. "Kiti hakina ubaguzi, mama. Kiti ni mbao."

Nilitoka nje kupunga upepo kabla sijasema la kusema. Hapo ndipo aliponijia mwanamke mweusi mwenye mabuti ya matope, faili kwapani, akaniamkia. "Shikamoo, mama. Nimesikia ulivyowauliza. Njoo ule kwangu."

Huyo ndiye Nyamizi, injinia wa maji. Cheo chake kilikuwa Kaimu Msaidizi wa Injinia Mkuu, na ofisi yake ilikuwa uani, nyuma ya ukuta wa ofisi ya bosi, mahali wageni hawafiki na kengele haisikiki. Alikuwa amewafundisha kazi mainjinia wakuu watatu, mmoja baada ya mwingine. Kila mmoja alikuja, akakaa, kiti kikanyamaza, kisha akagonga ukuta kuuliza ipi ni koki na ipi ni pampu. Wa mwisho alikuwa amestaafu juzijuzi kwa maumivu ya kiuno.

Nilikula kwake wali na kisamvu cha nazi, na wakati tunakula alinionyesha ukutani vyeti vyake. Viwili vilikuwa vya uinjinia. Vitatu vilikuwa vya ukaaji. Baraza, kwa ile nia yake njema, lilikuwa limefungua mafunzo ya kuwafundisha watu weusi kukaa kama waasisi: kupinda kiuno hivi, kubana paja hili, kuegemea pasipo na kitu. Nyamizi alisimama akanionyesha mkao wa daraja la juu, shingo upande, goti moja limepotea, na kijiko cha kisamvu bado mkononi. Tulicheka mpaka jirani akagonga kuuliza kuna nini.

Kisha aliketi kawaida, akaweka kijiko chini. "Nacheka, mama, lakini nimechoka. Kesho ndiyo mara yangu ya tatu. Kiti kikimkataa mtu mara tatu, sheria inamtoa kabisa, hata uani harudi. Na mtaa wa Mlimani maji yameanza kusuasua. Najua ni kwa nini, na nisipokuwepo sijui nani atajua."

Uchungu ulinipanda, na sitaficha. Nimewasaili watu maisha yangu yote, na wengine niliwanyima kazi, lakini angalau niliwauliza swali. Usiku ule nililala nikiwa nimenuna.

Asubuhi ukumbi ulijaa. Watu wa Mlimani walikuja na ndoo zao tupu, si kwa fujo, Adabuni hakuna fujo. Walizishika tu mbele yao kwa heshima. Waombaji walikuwa wawili. Mmoja Nyamizi. Wa pili kijana aitwaye Tiburtsi, mpwa wa injinia aliyestaafu, mtoto mzuri mwenye adabu, aliyelelewa kwenye kiti cha mfano mpaka anatembea amekaa. Aliniamkia, akaniuliza kama nafahamu maji ya mjini hutoka upande gani, maana angependa kujua kabla hajaanza.

Hotuba zikaanza. Bwana Ludoviko alizungumza juu ya usawa. Bibi Klotilda akazungumza juu ya usawa pia, ila kwa mifano. Mimi magoti yangu si ya kusimamishwa hivyo. Nikatafuta pa kukaa, sikuona benchi wala mkeka, nikaona kiti kimoja cheusi kimetulia jukwaani bila mwenyewe. Nikasema moyoni, wenye nchi watanisamehe. Nikaketi.

Mungu kanijalia mwili, na upande wa kukalia hakuninyima. Nilisikia raha ambayo sijaisikia tangu nistaafu. Kiti kilinipokea mgongo, viwiko vikaingia mahali pake. Nilipofumbua macho, ukumbi mzima ulikuwa umenikodolea, na Mzee Anselmi, Msikilizaji wa Viti, alikuwa amepiga magoti ametega sikio kwenye mguu wa kiti, machozi yakimlengalenga.

"Kimya," alisema. "Kimya kitupu. Hata waliotangulia wote kilikuwa kinawagunia kidogo, nikiwafichia. Huyu mama ni mwasisi mtupu."

Kumbe yule mwasisi wa idara ya maji alikuwa mnene kama mimi. Kwa sheria ya Adabuni, mimi, Zamda wa Tanga, nisiyejua koki wala pampu, nilikuwa Injinia Mkuu wa Maji.

Nikataka kuinuka, Mzee Anselmi akaniomba nitulie, kwani kuinuka kabla ya uamuzi ni kuukosea heshima mti. Wajumbe wakakusanyika. Mmoja alisema mimi ni mgeni. Wakatafuta, sheria haikukataza. Mwingine, akikohoa, akasema labda kuna jingine ambalo, yaani, machoni pa watu, lingeweza kuonekana; wenzake wakamtazama mpaka akakaa chini. Ndipo Tiburtsi, kwa unyoofu wake wa kitoto, akasema, "Lakini mama huyu si injinia."

"Mwanangu," alijibu Bibi Klotilda, "hilo halijawahi kuwa sharti."

Nadhani alisikia alichokisema baada ya kukisema. Alifunika mdomo kwa leso. Kule nyuma, mtu mmoja wa Mlimani aliangusha ndoo, ikabingirika mpaka jukwaani, na hakuna aliyeiokota.

Nilimwita Bwana Ludoviko. "Mimi sasa ni Injinia Mkuu?"

"Inaelekea hivyo, Mheshimiwa."

"Na Injinia Mkuu anapong'atuka, ana haki gani?"

Wakanong'onezana. Ilikuwepo haki moja ya zamani, isiyowahi kutumiwa na mtu: anayeng'atuka anaweza kuchagua mrithi wake asailiwe kwa namna gani. Wote waliopita walikiachia kiti, maana ndicho walichokijua.

"Vizuri," nikasema. "Nang'atuka. Na nataka waombaji wasimame. Asikae mtu. Nitawauliza swali moja, hawa wenye ndoo ndio watakaosikiliza jibu, na Mzee Anselmi atege sikio, ila safari hii awategee watu."

Sijui nilipata wapi ujasiri wa kuamrisha nchi ya wenyewe. Nadhani ni kiti. Kilikuwa kinaleta kiburi. Nikauliza, "Kwa nini Mlimani maji hayapandi?"

Tiburtsi alianza yeye. Alisimama kwa taabu, akayumba, akauliza kama anaweza kukaa kwanza ndipo afikiri. Nikamwambia hapana. Akawaza kwa bidii, nampa haki yake, mpaka masikio yakawa mekundu. "Sijui," alisema hatimaye. "Kusema kweli sijawahi kuulizwa kitu." Watu walimpigia makofi, na alistahili.

Nyamizi alisimama na mabuti yake. Hakupamba. Alisema pampu ya Mlimani ni nzima, ila bomba kubwa lilipopita chini ya barabara mpya limebanwa na mawe, linavuja chini kwa chini, na ndiyo maana bustani ya Bibi Klotilda inachanua kiangazi chote. Alisema itachimbwa wapi, valvu ipi ifungwe kwanza, na mtaa upi utakosa maji kwa siku hiyo, na akawaomba radhi kabisa watu wa mtaa huo. Mzee mmoja mwenye ndoo aliuliza kwa nini jambo hili halikusemwa mapema. "Nililisema," alijibu Nyamizi. "Nililisema ukutani."

 Wenye ndoo wakawageukia wajumbe, na mtazamo wao haukuwa wa adabu.

Mzee Anselmi alikuwa amefumba macho. "Nimesikiliza viti tangu ujana wangu," alisema. "Leo ndiyo kwanza nasikia jibu." Ndoo zikaanza kugongwa. Bwana Ludoviko alijaribu kupima idadi ya makofi kwa utaratibu, akashindwa, akapiga makofi na yeye.

Lilibaki swali la pahali pa kukaa. Kiti kingemlilia tu, na kazi ni yake. Wajumbe walipendekeza apelekwe tena mafunzoni. "Hapana," alisema Nyamizi. "Leteni fundi seremala na randa. Kama kiti hakinitoshi, kitengenezwe kiti." Na fundi alipoanza kukirekebisha, nyonga zikipunguzwa, mgongo ukinyooshwa, lilitokea jambo ambalo nchi ile haikulitarajia. Bwana Ludoviko alisogea karibu, akauliza kwa sauti ya chini kama fundi akimaliza hapo angeweza kupita na kwake. Kiti chake kilikuwa kikimuumiza tangu alipokikalia. Alikuwa anaweka mto. Bibi Klotilda naye alikuwa anaweka mto. Ilibainika nusu ya vigogo wa Adabuni walikuwa na mito iliyofichwa na dawa ya kiuno mezani, kila mmoja akidhani maumivu yale ni sehemu ya cheo. Nilicheka mpaka nikashikwa na kwikwi, na kwa mara ya kwanza nikamwona Bwana Ludoviko bila tabasamu lake. Alikuwa anacheka kweli, meno yake hayakupangika hata kidogo.

Nisitie chumvi. Si kila kitu kiligeuka. Benki Kuu iliunda kamati ya kuchunguza kama kiti chao kinaumia kikirandwa, na nilipoondoka kamati ilikuwa bado inatafuta pa kukutania. Lakini idara ya maji ilianza kuuliza maswali, Hospitali ikaiga, na watu waliojibu vizuri wakawa wa rangi zote, hata Baraza likachanganyikiwa lisijue lipige picha ya nani. Tiburtsi alijibu swali la kazi ya uani, ya kumsaidia fundi bomba, akaipata. Nilimwona amesimama ndani ya shimo la Mlimani, matope mpaka kiunoni, ana furaha ya ajabu, akimwuliza Nyamizi hili na lile.

Siku ya kuondoka nilipita idara ya maji kuaga. Nyamizi alikuwa amehitaji mwanasheria, kwani mwenye ile barabara mpya hakutaka kulipia bomba, akauliza maswali yake, na aliyejibu kupita wote alikuwa Bwana Shomvi. Nilimkuta kwenye chumba chenye dirisha, kalamu sikioni, mafaili yamemzunguka pande zote.

Mara ikalia kengele. Wageni walikuwa wanakaribia Chuo Kikuu. Tukasikia hatua za haraka, na tarishi wa Baraza akatokea mlangoni, ameshika tai tatu za rangi tofauti na ile miwani.

"Bwana Shomvi, wageni! Lifti imetengenezwa!"

Bwana Shomvi aligeuza ukurasa.

"Mwambie Katibu leo siwezi," alisema. "Nina kazi."

Tarishi alibaki na tai zake. Kengele ililia tena, ikalia, ikachoka. Mimi niliinama kuokota mkoba wangu, ndipo nikaona chini ya meza vile viatu vya mpira vimevuliwa, vimewekwa kando kimoja juu ya kingine, na Bwana Shomvi amenyoosha miguu.